Arvella na Sauti ya Kukokota

Kabla ya mwaka jana, kumpata Arvella Stidham Jumanne mchana ilikuwa kazi rahisi. Unaingia baa ile ya kona pale Broadway, mjini Nashville, unapenya katikati ya mabibi harusi watarajiwa na mashoga zao, wote kofia za pinki na buti ambazo hazijawahi kukanyaga hata kinyesi cha kuku, halafu unaangalia nyuma kabisa ya jukwaa, kule taa zinakoona uvivu kufika. Yule bibi aliyeinama kama anachambua mchele, ndiye huyo.

Mbele yake kuna kitu kama meza nyembamba ya miguu minne. Nyuzi zimelazwa juu, pedali ziko chini, na vyuma vingine vinasukumwa kwa magoti. Hilo ni gitaa, usicheke. Nashville wanaliita stili. Mkono wa kushoto unaburuza kipande cha chuma juu ya nyuzi, wa kulia unadonoa, miguu inakanyaga, magoti yanasukumana. Kwa mbali utadhani mtu anashona cherehani huku anaendesha trekta. Lakini ukisikia wimbo wa kantri, jamaa anaimba kuwa mke kaondoka, na nyuma yake kuna kitu kinalia taratibu, basi ni stili hiyo. Mwimbaji anatoa taarifa tu. Stili ndiyo inayolia.

Na hakuna aliyeiliza kama Arvella. Alikuwa na sauti moja hivi, anaipandisha juu, anaishikilia hapo, halafu anaiachia iteremke polepole, na haifiki chini. Inaning'inia kidogo tu chini ya pale unapoitegemea. Ameitoa kwenye nyimbo chache sana. Kuna vijana mtandaoni wamevikata vipande hivyo wakaandika, "nimelia kwenye foleni ya kuku, nisaidieni." Mwenyewe hajui kama yupo mtandaoni. Simu yake ni ya kufunua.

Sauti hiyo hakuipata kwenye muziki. Aliipata makaburini.

Arvella alizaliwa Letcher, Kentucky, kwenye milima ya makaa ya mawe, katika kanisa lililopiga marufuku vyombo vyote, piano ikiwemo. Mzee mmoja anatangulia mstari, waumini wanaudaka na kuukokota, kila mtu na mteremko wake, mpaka unahisi jengo lenyewe linateleza. Alipokuwa msichana mdogo, paa la mgodi lilimwangukia kaka yake Rondal. Siku ya kumzika, mama yao Ocie, mwanamke ambaye hata harusini aliimba kwa kunong'ona, aliutoa mstari mmoja pale kaburini. Akaupandisha, akaushika, akauachia. Watu wazima waliokuwa wameshika makoleo walisahau kufukia.

Arvella hakumsikia tena mama yake akiimba hivyo. Alikaa na ile sauti kichwani bila pa kuiweka, hadi mjomba wake Burl aliporudi kutoka jeshi la majini na gitaa la Kihawaii la kupakata, lile la kuburuzwa chuma. Babu wa stili, tuseme. Maana huu muziki nao una ukoo wa ajabu. Chuma cha kuburuza kilitoka visiwani Hawaii. Fidla ilikuja na Waskoti na Waayalandi. Banjo, waulize babu zako, lilivuka bahari na watumwa kutoka Afrika. Halafu vyote vikapikwa chungu kimoja, na kuna watu wakala, wakafuta midomo, wakasema hiki ni chakula chetu cha asili, wageni wasiguse. Haya.

Nyumbani baba yake alikuwa na redio ya betri, na Jumamosi jioni haikuguswa na mtu mwingine. Mwanzoni zilikuwa bendi za familia, kaka na kaka, mke na mume, nyimbo za mama na mlima na treni iliyopinduka. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia watu wa milimani wakahamia viwandani, magitaa yakaingia umeme, muziki ukahamia kwenye baa za kando ya barabara. Nyimbo zikaacha habari za mama, zikaanza habari za bia na wake za watu. Mama Ocie alikuwa akizipita hizo nyimbo jikoni kama anavyompita mlevi. Lakini humo ndimo stili ilipokuwa ikilia, na Arvella alikuwa keshazama.

Akashuka Nashville. Alifika wakati mbaya, jambo ambalo aliendelea kulifanya maisha yake yote bila hata kuhama mji. Maprodyuza walikuwa wametoka tu kufagia fidla na stili nje ya studio, wameingiza violini za suti na kwaya laini, ili mama wa mjini aweze kununua santuri ya kantri bila kuificha chini ya mboga. Msichana wa Letcher anaingia na gitaa lililo zito kama jeneza, anaambiwa, "Piga kama vile hupo."

Akapiga kama hayupo.

Aliyemfundisha kazi ya studio ni mpiga besi mmoja, Hoyt Pruitt, mtu mnene mwenye soksi za rangi mbili. Nashville wapiga vyombo wa studio hawasomi noti. Wanapewa karatasi ya namba, kila namba na mpangilio wake wa nyuzi: moja, nne, tano, rudi moja. Hoyt alimwelekeza namba, halafu akampa sheria.

"Ukiitwa, sema ndiyo. Ukiambiwa piga, piga. Wimbo wa nani, wa nini, usiulize."

"Kwa nini nisiulize?"

"Ona sasa, ushaanza kukosa kazi."

Arvella alicheka, na hakuuliza tena. Miaka ya sabini wakaja wenye nywele ndefu na ndevu, wengi wao wa Texas, wamechoka na violini za suti. Wakamwambia, "Lia mpaka mtu atapike." Akasema ndiyo. Kisha ukapita msimu ambao kila mhasibu wa Marekani alinunua kofia pana na kupanda ng'ombe wa mashine kwenye baa; akaambiwa apige kwa furaha. Ndiyo. Wakaja wenye kofia wa miaka ya tisini, muziki ukajaa viwanja vya mpira, simu yake haikupoa, yeye na mumewe Doyle wakanunua nyumba Madison yenye baraza na mti wa pekani. Hayo ndiyo yalikuwa maisha.

Halafu yakaja mapikapu. Yaani nyimbo za pikapu. Pikapu, bia, mto, dada wa jinzi iliyokatwa, rudia kiitikio. Chini yake biti za kompyuta, na jamaa anaimba nusu anachana nusu. Stili ikawa bizari: bana kidogo, mimina mwisho wa wimbo ili watu wajue hii bado ni kantri. Baadaye hata bizari wakaacha. Simu ya Arvella ikabaki ya wale wanaotaka kukuuzia bima ya gari ambalo ulishaliuza.

Ikabaki ile Jumanne mchana pale kona. Na ikabaki ile sauti. Kitu kimoja kuhusu sauti ile: hakuwahi kuitoa kwa kuagizwa, hata siku moja. Ilikuja yenyewe. Angekuwa katikati ya wimbo, ghafla anamwona mama yake pembeni ya udongo mbichi, na mkono unakwenda. Ikitokea, baadaye hukaa kwenye gari kimya, na Doyle anajua asiwashe redio.

Ndipo akapiga simu Kip Landreth.

"Bi Arvella, mimi ni shabiki wako mpaka basi. Ungekuja studio kwangu Alhamisi?"

Kip alikuwa prodyuza. Kijana wa kofia ya besiboli, viatu vyeupe kama meno ya matangazo. Ndiye aliyemtengeneza Kolby Strand, mfalme wa mapikapu mwenyewe. Arvella aliweka simu chini, akakaa kwenye kiti cha jikoni.

"Wananirudisha," alisema.

Doyle alikuwa anavunjia mkate wa mahindi kwenye maharage. Alistaafu kiwanda cha matairi, na tangu hapo kazi yake ni kubeba stili na kutoa maoni. "Nani?"

"Kolby Strand anataka stili."

"Kasema hivyo?"

"Sijauliza."

"Yule anayeimba kuhusu kioo cha pembeni cha pikapu?"

"Doyle, ukimcheka huyo mtoto kabla sijapokea kazi yake nitakumwagia hayo maharage."

Alifanya mazoezi wiki nzima na nyimbo za Kolby, zote, hata zile zisizo na nafasi ya stili. Alikuwa akizitafutia nafasi. Vidole vilikuwa vimeanza kukakamaa asubuhi, akawa anaviloweka maji moto kwanza. Akaenda kutengeneza nywele. Kwa ufupi, bibi wa watu alijiandaa kama anaolewa.

Alhamisi wakabeba stili hadi mlangoni mwa Kip.

"Mama, hili jeneza limeongezeka uzito," Doyle alilalamika.

"Wewe ndiye umepungua. Inua mguu, kuna ngazi."

Ndani hapakuwa na mpiga ngoma. Hapakuwa na besi wala mwimbaji. Kulikuwa na Kip nyuma ya kioo, maikrofoni nyingi kuliko alizowahi kuona mbele ya chombo kimoja, na karatasi yenye namba moja tu. Moja.

"Ipige hiyo, iache mpaka ife yenyewe," Kip alisema kwenye spika.

Akaipiga. Ikafa.

"Tamu sana. Sasa taratibu zaidi. Sasa kwa nguvu. Sasa na pedali ya kwanza."

Asubuhi nzima ikawa hivyo. Uzi mmoja, kimya. Uzi mwingine, kimya. Zaidi ya mara moja swali lilimfika mdomoni: wimbo uko wapi? Akalimeza. Mchana alitoka kula sandwichi na Doyle kwenye pikapu.

"Kolby yukoje?"

"Hajafika."

"Wimbo je?"

"Bado."

"Umekaa humo tangu asubuhi na hujui unapiga nini?"

"Hatuulizi, Doyle."

Doyle alitafuna akimwangalia. "Mimi kiwandani angalau nilijua ni tairi."

Waliporudi kazini, Kip akatoka nyuma ya kioo, akachuchumaa karibu na pedali kama mtu anayebembeleza paka. "Sasa, Bi Arvella. Ile. Ile ya kuteleza, inayoning'inia."

"Ile haiji hivyo, mwanangu."

"Jaribu tu. Bila hiyo nimekuita bure."

Hapo ndipo pangemfaa kunyanyuka. Alijua, mwili mzima ulijua. Lakini alikuwa amesema ndiyo tangu enzi za soksi za Hoyt, na kila ndiyo ilimletea nyingine. Na Kolby alikuwa akisubiri mahali fulani na wimbo unaohitaji stili. Akasema ndiyo.

Ya kwanza ilikuwa ya uongo, hata Kip aliisikia. Ya pili nayo. Basi akafumba macho akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya: akamwita. Kaburi, udongo, makoleo, gauni jeusi la kuazima lililombana mabegani. Mama yake akaja, akaimba, mkono ukamfuata.

Kip aliinua vidole gumba nyuma ya kioo. "Hiyo hiyo. Sasa ipandishe nusu sauti."

Akamwita tena. Tena chini kidogo. Tena kwa haraka. Tena bila ule mtetemo mwishoni. Mpaka jioni Mama Ocie alikuwa ameimba kwenye kila ufunguo uliopo, polepole na haraka, kwa sauti kubwa na ndogo, na Kip alikuwa akisema "asante, nyingine" kama muuza tiketi.

Wakati wa kufunga vyombo ndipo Arvella alipouliza, amechelewa maisha mazima. "Kolby anakuja lini kuimba juu yake?"

"Kolby?" Kip alishangaa kweli. Hakuwa kijana mbaya, na hiyo ndiyo sehemu inayoudhi. "Hapana, hii si ya Kolby. Hii ni ya kila mtu."

Arvella hakuelewa, na hakuomba aeleweshwe. Kwenye pikapu alisema neno moja tu, kwamba leo amemwamsha mama mara nyingi mno. Doyle hakuwasha redio.

Maelezo yalikuja kiangazi, Jumanne, pale kona. Garland Voss, kiongozi wa bendi, kijana aliyefundishwa na Arvella mwenyewe kutunza mapigo, alikuwa ameweka laptopu pembeni ya ngoma, na kinanda kidogo kama cha kuchezea watoto.

"Bi Arvella, njoo usikie. Utanicheka, lakini sikiliza."

Akabonyeza kitufe kimoja kwa kidole kimoja. Spika zikaipandisha, zikaishika, zikaiachia. Ikaning'inia.

Garland akabonyeza tena. Ileile. Tena. Ileile, mteremko uleule, hata pumzi ileile.

"Inafanana nawe mpaka inatisha, eh?"

"Hiyo ni mimi, Garland."

"Ndiyo, ndicho nasema, wamekuiga kinoma."

"Hawajaniiga. Ni mimi. Hiyo nimeipiga Alhamisi moja kwa Kip Landreth baada ya sandwichi."

Garland aliangalia skrini, akamwangalia yeye, akaangalia skrini. Ukweli wa mambo ukamtoka usoni kabla ya mdomoni, maana kumbe hakumwita aje kusikia tu. "Mwenye baa anaitaka kona yako," alisema. "Anaweka meza."

"Meza ya nini?"

"Ya kuuzia kofia. Za pinki." Alijikuna shingo. "Nilimwambia siwezi kupiga kantri bila stili. Akaninunulia hii. Bi Arvella, naapa sikujua ni wewe."

"Ungejua ungefanyaje?"

Garland akafuta vumbi lisilokuwepo kwenye kinanda. Ana mtoto mchanga, na baa hiyo ndiyo inayomnunulia maziwa.

Arvella hakulilia kona. Aliomba kitu kimoja. "Nyuzi zile nyingine tumia, sina neno. Hii ya kuteleza ifute."

"Naweza kuifuta hapa. Lakini iko kwa watu wote, Bi. Leo hii kuna mtu anaibonyeza Ulaya."

Alitoka uchochoroni, akampigia Kip kwenye ile simu yake ya kufunua. Kip alipokea kwa furaha. Akamwambia zile sauti alizorekodi anaziuza kwa yeyote mwenye kompyuta na mambo yanakwenda vizuri mno, watu wanazipenda, hasa ile ya kuteleza, ndiyo inayoongoza, wanaitia kwenye matangazo ya magari, kwenye michezo ya video, hata kuna programu ya kutafakari.

"Itoe hiyo moja," Arvella alisema. "Ni mama yangu."

"Sijaelewa, Bi Arvella."

"Ile sauti. Ni mama yangu anamzika kaka yangu."

"Pole sana. Kwa kweli pole." Na alimaanisha. "Lakini ikishatoka haitoki tena. Na nilikuomba, ukasema ndiyo. Hukuuliza."

"Sikuuliza," alisema Arvella, akafunika simu.

Alirudi ndani kumaliza zamu, kwa sababu alikuwa amesema ataimaliza. Palikuwa pamejaa. Bibi harusi mmoja mwenye shela juu ya kofia aliomba wimbo wa huzuni, akitoa sababu kwamba bado hajalia na keshokutwa anarudi kwao Ohio. Garland akaanza mmoja wa zamani, wa mume anayepanga viti viwili mezani na mke hayupo. Miaka yote, wimbo huo ndio uliokuwa ukiileta ile sauti mara nyingi kuliko nyingine. Arvella akaburuza chuma hadi juu. Akashika. Akamsubiri mama yake.

Hakuja mtu. Alisubiri mpaka pigo likapita, uzi ukaanza kufia mkononi, na wimbo ukabaki na shimo katikati. Garland akamwona. Kwa huruma, naomba uelewe hilo, kwa huruma tupu, akanyoosha kidole akabonyeza kitufe.

Baa nzima ikatulia. Bibi harusi akalia kwa raha zake, mashoga wakamshikia simu wamrekodi. Mmoja akaipeleka simu upande wa jukwaa, ikapita juu ya kichwa cha Arvella, ikatulia kwa Garland.

Arvella akainua mikono yote miwili kutoka kwenye nyuzi. Muziki haukugundua. Akafungua pedali, akang'oa miguu ya chuma, akalaza stili kwenye sanduku lake, akalifunga. Wimbo ulikuwa bado katikati. Akaliburuza sanduku kupitia mlango wa nyuma, maana siku hizo halikuwa tena la kubebwa na mtu mmoja.

Doyle alikuwa uchochoroni, injini inanguruma, taa za dharura zinawaka, kwa sababu Broadway askari hawana mchezo na maegesho. Alishuka haraka kumpokea, halafu akasimama, kichwa ameinamisha upande wa mlango.

"Mbona umetoka? Si bado mnapiga?"

"Nimemaliza."

"Nani anapiga sasa?"

"Mimi."

Doyle alisikiliza tena. Anaijua sauti hiyo kuliko anavyojua yake mwenyewe. Alifungua mdomo atoe maoni, na kwa mara ya kwanza tangu astaafu hakuwa nayo. Wakainua sanduku pamoja, wakalisukuma nyuma ya pikapu, wakapita barabara ya Gallatin hadi nyumbani.

Stili iko kwenye sanduku mpaka leo, ukumbini, Doyle anawekea barua juu yake. Watu wakimuuliza, Arvella anasema ni vidole. Si vidole. Jambo lenyewe alimweleza Doyle mara moja, wakiwa barazani na chai ya barafu, akasema asirudie kuliulizia. Siku ile walipofika nyumbani alikaa ukingoni mwa kitanda akajaribu kumkumbuka mama yake, si kwa ajili ya kupiga, kwa ajili ya kumkumbuka tu. Kaburi alilipata. Gauni alilipata. Mama Ocie akafungua mdomo, na kilichotoka ni ile ya kwenye kitufe. Akajaribu tena. Ileile, mteremko uleule, pumzi ileile. Anajaribu karibu kila siku. Yule wa kwanza hajamsikia tena.